Safu ya "Ametoka"

"Viatu gani hivyo?" Mama Kofia aliuliza.

Kijana aliyekuwa mbele ya foleni alijitazama miguuni kana kwamba viatu vile alivishwa na mtu mwingine.

"Vya mazoezi, mama. Vipya kabisa."

"Upya nauona. Soli laini kama ulimi. Huko juu changarawe inakata kama chupa iliyovunjika, na penginepo chini yake pana moto. Nenda dirisha la pili uazime buti, kisha urudi nyuma ya foleni."

"Nyuma kabisa?"

"Ulitaka nikuwekee kiti?"

Foleni iliangua kicheko. Kijana naye akacheka, akaenda zake kuazima buti.

Mama Kofia alikuwa karani wa lango la mlima kwa mwaka wa kumi na tisa. Jina lake la nyumbani lilishasahaulika. Hata barua za ofisini zilikuja zimeandikwa Mama Kofia. Jina hilo alilipata kwa kuwarudisha watu wasio na kofia ngumu. Aliwahi kumrudisha daktari, akawarudisha maharusi waliotaka kupigwa picha ukingoni mwa kreta, akamrudisha na bosi wake mwenyewe. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kuinua, meza, mizani ya mizigo, kabati la barakoa za gesi, na kitabu kikubwa cha wapandaji kilichofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili asitokee mtu wa kutembea nacho.

Watu kumi na wawili walipokuwa tayari, aliwapa somo lake la kila asubuhi. Hakusoma popote, lilikuwa kichwani.

"Mlima huu haujalala, msidanganywe na utulivu wake. Kofia kichwani tangu kibao cha kwanza hadi mrudi hapa. Mkisikia mlipuko, msigeuze mgongo mkakimbia. Tazameni juu, muone jiwe linaangukia wapi, ndipo mkwepe. Fuateni bendera nyekundu, nje ya bendera ardhi ni ganda tu. Msishuke kwenye mashimo wala vibonde hata mkiona maua huko. Gesi nzito hulala chini kama maji kwenye beseni. Mkinusa mayai yaliyooza, vaeni barakoa. Mkiacha kunusa, msivue. Pua imechoka, gesi ipo pale pale. Kila mtu ana vichujio vitatu: kimoja kwenye barakoa, viwili vya akiba. Saa sita kamili, popote mlipo, mnageuza, hata kama mmebakiza hatua kumi. Na hakuna anayebaki nyuma peke yake. Hakuna. Hata haja mnakwenda wawili."

"Hiyo ya mwisho ngumu, mama," alisema mzee mmoja mwenye fimbo.

"Basi maliza kabisa hapa hapa. Choo kile pale."

Wakacheka tena. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa akijipaka mafuta ya jua aliuliza, "Kuna mtu amewahi kufa huko juu?"

Kengele, mwongozaji wa kundi, ambaye kwa kawaida mdomo wake haukuwa na breki, aliinama akaanza kufunga kamba za buti zilizokwisha fungwa.

"Wapo," alisema Mama Kofia. "Wa karibuni ana wiki tano."

"Mgeni?"

"Mwongozaji."

"Alikosea wapi?"

Mama Kofia aligonga muhuri kwenye karatasi ya mwisho. "Alibaki nyuma peke yake. Haya, nendeni, jua linapanda."

Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa nusu. Mwongozaji yule alikuwa binti yake, mtoto pekee aliyemzaa, na nusu ya pili ya jibu ilikuwa ndani ya kitabu kile kilichofungwa kwenye mguu wa meza.

Wenzake walimwita Swala, kwa ajili ya miguu yake. Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na miwili, na kwa miaka sita aliyopanda mlima mama yake hakumwonea haya hata siku moja. Kila asubuhi alikagua buti zake, akavuta mikanda ya kofia yake, akahesabu vichujio vyake.

"Unaniaibisha mbele ya wageni," Swala alikuwa akinong'ona.

"Wageni sikuwazaa mimi. Geuka nione kisogo."

Ila huo ulikuwa ukali wa asubuhi. Jioni ilikuwa na mambo yake.

Kitabu kilikuwa na safu tano, na ya mwisho iliitwa "Ametoka". Saa kumi na moja jioni lango lilifungwa, na kitabu nacho kilipaswa kufungwa. Jina moja tu likibaki bila tiki, karani alitakiwa kupiga king'ora, na watu wanane waliokwisha vua buti wazivae tena, wapande kutafuta. Hiyo ndiyo kanuni. Kwa wageni, Mama Kofia aliifuata bila kupepesa macho: hakuweka tiki mpaka aone sura. Lakini waongozaji walikuwa na njia yao ya mkato, iliyopita nyuma ya mashamba hadi majumbani mwao, na baada ya kutwa nzima juu ya mlima hakuna aliyetaka kuzunguka hadi langoni ili aonekane tu. Kwa hiyo mwenzao wa kwanza kufika alisema, "Fulani yuko nyuma, anapita mkato," na karani akaweka tiki. Makarani wote walifanya hivyo. Aliyemfundisha Mama Kofia kazi alifanya hivyo. Kwa miaka kumi na tisa haikuwahi kuleta shida, na ndiyo maana hakuna aliyeiona kuwa ni kosa.

Siku ile Swala na Kengele walipandisha wageni sita. Wakati wa kushuka Swala alimwambia Kengele atangulie nao. Tundu jipya la moshi lilikuwa limefumuka karibu na njia, na yeye alitaka kuhamisha bendera nne kabla ya kundi la kesho. "Dakika ishirini," alisema. "Nitapita mkato." Redio ya mawasiliano ilikuwa moja kwa kila kundi, nayo ilishuka na wageni.

Kengele alifika langoni saa kumi na nusu. "Dada yuko nyuma, anapita mkato." Mama Kofia aliweka tiki sita za wageni, ya Kengele ya saba, na ya nane ya mwanawe. Kalamu haikusita hata kidogo.

Saa kumi na mbili kasoro robo simu yake ililia. Alikuwa mkwewe, mume wa Swala, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwokaji kwa sababu mtaa mzima ulikula mikate yake.

"Habari za jioni, mama. Samahani kukusumbua. Mwenzangu hajafika. Ameshatoka mlimani?"

"Ameshatoka. Kitabu nimekifunga."

"Una hakika, mama? Simu yake haipatikani."

"Nakwambia ametoka. Atakuwa kapitia saluni huko, leo si mwisho wa wiki? Mtoto yuko kwangu, ameshakula. Lala wewe, una kazi usiku."

Mwokaji akalala. Mtu wa mikate hulala wenzake wakiandaa chakula cha jioni, na huamka wenzake wakiwa usingizini. Alipoamka akakuta upande wa pili wa kitanda mtupu, alidhani mkewe kalala kwa mama yake pamoja na mtoto, kama alivyozoea akichoka. Mama Kofia naye alimlaza mjukuu wake akidhani binti kachoka, kaenda moja kwa moja kwake. Kila mmoja alimweka Swala nyumbani kwa mwenzake.

Kundi la kwanza la asubuhi ndilo lililomkuta. Alikuwa ameteleza kwenye changarawe, mguu umevunjika juu ya kifundo. Alikuwa ameufunga kwa mtandio wake na kijiti cha bendera, akajiburuta hadi mteremko wa juu ya kibonde, akakaa kusubiri. Upepo ulikata jua lilipozama, na gesi ikapanda kutoka kibondeni ikamfuata pale alipokaa.

Vifaa vyote vya mlimani lazima virudi stoo vikaguliwe. Kengele ndiye aliyeuleta mkoba wa Swala, siku mbili baada ya maziko; aliuweka juu ya meza akaondoka bila neno. Mama Kofia aliufungua kama alivyofungua mamia ya mikoba. Chupa ya maji, tupu. Kofia, nzima. Barakoa, nzima. Vichujio vitatu. Vyote vitatu vilikuwa vimebanduliwa mihuri, vyote vimegeuka rangi.

Alikaa chini. Alikuwa na stashahada ya chuo, lakini hesabu ile haikuhitaji chuo. Kichujio cha aina yao, kwenye moshi wa siku zile, kilidumu kama saa mbili na nusu. Cha kwanza Swala alikimaliza kule kreta, Kengele alimwona. Cha pili alikivaa upepo ulipokata, yapata saa kumi na mbili. Cha tatu alikivaa saa mbili na nusu usiku. Watu wa kutafuta hufika pale kwa saa mbili. Kama king'ora kingelia hata Mwokaji alipopiga simu, wangemkuta kwenye kichujio cha pili.

Ripoti ya hifadhi iliandikwa wiki iliyofuata. Mkuu wa hifadhi aliiona ile tiki, akaifumbia macho. Tiki za namna ile zilijaa kitabu kizima, na wa kwanza kuulizwa angekuwa yeye. Aliandika kwamba mwongozaji alibaki peke yake kinyume cha kanuni, na kwamba "hakuna taarifa ya kuchelewa iliyopokelewa langoni." Mama Kofia aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akatia sahihi.

Sasa sentensi ile ilikuwa imeota miguu.

"Hakuna taarifa iliyopokelewa," Dada Mkubwa alisoma jioni ya siku ile ile, Ijumaa, karatasi mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Alikuwa dada yake Mama Kofia, mkubwa kwa miaka saba, na tangu msiba alikuwa amelitwaa jiko lake. "Maana yake nini? Maana yake mwanamume alivuta shuka. Mke yuko mlimani, giza linaingia, yeye anakoroma!"

"Mtoto yuko hapa, dada."

"Mtoto ana miaka minne. Anajua nini habari za kukoroma?"

"Najua," alisema Nukta kutoka sakafuni, alipokuwa akipanga vifuniko vya sufuria kutoka kikubwa hadi kidogo. "Baba anakoroma hivi." Akakoroma kwa nguvu zake zote hadi akapaliwa.

Mama Kofia alimpiga mgongoni taratibu mpaka kikohozi kikatulia. Mtoto aliitwa Nukta kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Pua ilikuwa ya Swala, na tabia ya Swala ya kuuliza kitu huku jibu analo. Usiku alilala ngumi yake ikiwa kwapani mwa bibi yake, na Mama Kofia, ambaye maisha yake yote alilala kama gogo, alijifunza kulala bila kugeuka.

"Jumapili kwenye kikao tunalimaliza," Dada Mkubwa aliendelea. "Nimeshasema na kaka. Mtoto akae kwako. Baba yake akitaka kumwona aje mchana, akiwa macho. Wewe hata usijisumbue kusema kitu. Kaa tu ulie."

"Na baba yake kasema nini?"

"Aseme nini? Ripoti si hii? Anyamaze vile vile alivyonyamaza siku ile."

Mama Kofia alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Alijua kwa nini mkwewe hakufungua mdomo, na alijua kwamba neno moja lake yeye lingemfungua. Alijua pia kwamba neno hilo likitoka, hakuna mtu mwenye akili zake atakayemwachia mtoto huyu. Binti alishakwenda. Alikuwa amebakiwa na ngumi moja ndogo kwapani.

Kesho yake mchana alikwenda kwenye duka la mikate.

Tanuri lilikuwa limezimwa lakini chumba bado kilikuwa na joto lake. Mwokaji alikuwa akikwangua masinia kwa kisu butu. Alikuwa amekonda, aproni ilimzunguka mara mbili. Unga ulikuwa umemganda hadi kwenye kope.

"Karibu, mama. Kaa upande huu, hapo pana unga."

"Sikai. Kesho utawaambia nini?"

"Nitawasikiliza."

"Watasema hukumtafuta."

"Sikumtafuta."

"Ulinipigia simu."

Kisu kilikwenda, kikarudi, kikasimama. "Nilikupigia."

"Basi kwa nini husemi?"

"Nimwambie nani, mama? Nisimame mbele ya kaka yako na dada yako, niseme mama mkwe wangu ndiye…" Hakumaliza. Alipangusa kisu kwenye aproni. "Mwenzangu asingependa. Alikuwa akikuogopa wewe, lakini huko mlimani alikusifu mpaka wenzake wakamchoka. Mama hakosei kitabu, mama hakosei kitabu. Ndiyo maana uliponiambia ametoka, nililala."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa nafuu kama angesema kwa ubaya.

"Na mtoto?" Mama Kofia aliuliza.

"Dada yangu anataka twende kwake. Kule kuna mahali pa kazi, na yeye yuko nyumbani kutwa, angekaa naye. Ningekwenda hata leo. Lakini siwezi kumgombania mtoto na nyinyi juu ya kaburi la mama yake, mama. Sina nguvu hizo. Wakisema abaki, atabaki."

Aliketi juu ya gunia. Akainua macho.

"Ila kuna kitu nataka kukuuliza, na wewe ndiye pekee unayejua. Kengele anasema mkoba uliukagua wewe. Vichujio alitumia vingapi?"

Mama Kofia aliwahi kuulizwa maswali na mapolisi, na wanasheria, na wazazi wa wageni waliopotea. Wote aliwajibu bila kusita.

"Kimoja," alisema.

"Kimoja tu? Kile cha kreta?"

"Kile cha kreta."

Mwokaji alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. "Basi ilikuwa mara moja," alisema. "Hakukaa akisubiri." Akainama, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye unga. "Ahsante, mama. Kila usiku nilikuwa namwona anasubiri."

Jumapili baada ya chakula cha mchana walikaa sebuleni kwa Mama Kofia. Dada Mkubwa alilijaza kochi peke yake. Kaka yao, mwalimu mstaafu aliyezungumza bado kama yuko mbele ya ubao, alishika ripoti. Mwokaji alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na pembeni yake dada yake, shangazi wa Nukta, ambaye alisafiri siku nzima na chai yake ilikuwa ikipoa bila kuguswa. Mtoto alikuwa kwa jirani.

Mwalimu alisoma ripoti yote, mpaka na tarehe. Akavua miwani. "Mkwe wetu, una la kusema?"

"Sina, mjomba."

"Huna?" Shangazi alimgeukia kaka yake. "Tangu jana nakuuliza, huna. Leo unaulizwa na wazee, huna. Umekatwa ulimi wewe?"

"Niache, dada."

"Mwacheni," alisema Dada Mkubwa. "Labda bado ana usingizi."

"Mama, nakuheshimu," alisema Shangazi, "lakini ukilirudia hilo nitakujibu, na hutalipenda jibu langu."

Mwalimu aligonga meza kwa kalamu. "Tusifike huko. Baba hana maelezo. Mtoto ni mdogo, na bibi yake yupo, ana nyumba, ana kazi. Sisi tunaona abaki hapa. Kuna mwenye pingamizi?"

Hapo kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Mama Kofia aliyaona yote yakiwa tayari, yameiva na kupakuliwa: kitanda kidogo kando ya chake, shule ya mtaa wa pili mwakani, sauti ya kuuliza maswali asubuhi kabla hata hajavaa. Akamtazama mkwewe. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, kichwa kimeinama, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

"Mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Nina pingamizi. Hiyo ripoti ni ya uongo, na sahihi ya chini ni yangu. Taarifa ilipokelewa. Alipiga simu saa kumi na mbili kasoro robo, akauliza kama mkewe ametoka, nikamwambia ametoka. Akauliza tena kama nina hakika, nikamwambia alale."

"Umechoka, mdogo wangu," Dada Mkubwa alisema. "Nenda kajinyooshe."

"Sijachoka. Nisikilizeni, maana sitarudia. Sikumwona akitoka. Niliweka tiki bila kuona sura, kama tunavyowawekea waongozaji wote. Mgeni nisingemwekea. Mwanangu nilimwekea. Huyu hapa aliuliza mara mbili na mimi nikamjibu mara mbili, na wiki tano mmemtukana nami nimekaa namimina chai."

Mwalimu alivaa miwani, akaivua tena. "Mkuu wa hifadhi anajua?"

"Tiki anaijua. Simu haijui. Kesho asubuhi atajua."

Shangazi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, na si kwa hasira. "Mama. King'ora kingepigwa ile saa ya simu, wifi yangu angepona?"

Mtu angeweza kujibu kwamba hayo ni mambo ya mlima, nani ajuaye. Jibu hilo lilikuwapo, karibu na ulimi, na kila mmoja mle ndani angelipokea. Mama Kofia alishika ukingo wa meza.

"Angepona. Vichujio vyote vitatu vilikuwa vimetumika. Cha mwisho alikivaa saa mbili na nusu. Watu wangefika pale kabla hajakivaa."

Mwokaji aliinua kichwa.

"Jana uliniambia kimoja."

"Nilikudanganya."

Mwokaji akasimama, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake, akatoka. Walimsikia uani. Wiki zote tano, hata makaburini, hakuna aliyekuwa amemsikia akilia, na sasa alilia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, mpaka majirani wakafungua madirisha. Shangazi alitoka kumfuata.

Mwalimu alikunja ripoti mara nne, akaitia mfukoni. "Mtoto aende na baba yake," alisema. Dada Mkubwa hakupinga. Alikuwa akimtazama mdogo wake kama mgeni aliyegundua kwamba amekosea nyumba.

Waliondoka Jumanne. Mizigo ilikuwa michache na gari lilikuwa la kukodi. Mama Kofia, ambaye tangu Jumatatu hakuwa tena na lango la kwenda, alikuwa ameosha na kupiga pasi kila nguo ya Nukta hadi soksi, na sasa alimkabidhi Shangazi mfuko mmoja mmoja.

"Hii dawa ya sikio. Matone mawili, si matatu. Maziwa yawe vuguvugu, yakiwa moto hanywi, yakiwa baridi anatapika. Akisema hataki kulala, anataka. Akinyamaza sana, ana homa, usingoje mpaka aseme."

"Nimelea wanne, mama," alisema Shangazi. Kisha akamtazama, akafungua mkoba, akatoa kalamu. "Haya. Matone mawili. Endelea."

Mwokaji alifunga mlango wa nyuma wa mizigo, akaja akasimama mbele ya mama mkwe wake. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Ile tiki, mama," alisema, "nadhani ningeiweza, siku moja. Hata mimi nililala. Lakini Jumamosi nilikuuliza macho kwa macho. Na usiku ule nilipata usingizi, mama, mzuri kabisa, wa kwanza tangu afe. Nilimshukuru Mungu. Hicho ndicho kinachonishinda."

"Nitamwona lini?"

"Sijui."

"Likizo?"

"Sijui, mama. Sitaki kukwambia kitu halafu kisiwe."

Alizunguka upande wa dereva. Nukta alikuwa ameshakaa nyuma, miguu haifiki sakafuni, amekumbatia mfuniko mmoja wa sufuria ambao hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya.

"Bibi, panda!"

"Gari limejaa, mjukuu wangu."

"Halijajaa." Alijisogeza hadi dirishani, akapigapiga kiti kwa kiganja. "Hapa pana nafasi. Angalia."

Mama Kofia aliangalia. Kweli, nafasi ilikuwapo. Alikusanya vidole vya mtoto vilivyokuwa ukingoni, akaviweka mapajani pake, akafunga mlango kutoka nje taratibu, asije akavibana.